Kampani imeanguka: mushahara yetu tunaidai wapi, na mbele ya siku gani?

Kuko ulizo moja ambayo inatufikia ku biro kila mara, kutoka Kolwezi, Likasi, Kipushi, Kambove, hata Fungurume. Maneno inabadilika kidogo, lakini habari ni ile ile. Kampani ilikuwa inalipa vizuri. Kiisha ikaanza kulipa nusu ya mwezi na kusema nusu ingine itakuja. Kiisha ikatoka barua ya «congé technique»: muende nyumbani, tutawaita. Miezi inapita, hakuna mwenye kuitwa. Siku moja mutoto wa jirani anakuja kusema kama kontenere za ku chantier zinapakiwa mu gari, walinzi nao hawajalipwa, na mukubwa wa personeli hashike tena simu. Sasa baba wa nyumba anauliza: ile miezi yangu sita, ilikufa pamoja na kampani?

Hapana. Kampani kuanguka haiuwe mushahara. Lakini mushahara inaweza kufa kwa sababu ingine, na hii sababu watu wengi wanaijua tu siku wanafika mbele ya mwamuzi, wakati avoka wa kampani anasimama na kusema neno moja: «prescription». Maana yake ni kusema: mulichelewa. Njo maana leo tunataka kuongea juu ya siku na juu ya karatasi, mbele ya kuongea juu ya feza.

Kila mwezi iko na saa yake

Code du travail yetu, ni kusema sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema ku artikle 317 kama madai yenye kutoka mu kontra ya kazi inakufa nyuma ya miaka tatu. Watu wanasikia «miaka tatu» na wanalala. Hawasome mustari wenye kufuata. Kwa mushahara haiko miaka tatu. Ni mwaka mumoja, kuanzia siku ile mushahara ilipaswa kulipwa. Kama walikufukuza bila sababu na unataka tribunali ikupatie malipo juu ya ile ubaya, uko na miaka yako tatu. Lakini mushahara yenyewe, ile ya mufuko ya bunga na ya minervali, sheria inakupatia mwaka mumoja tu.

Tena ule mwaka hauhesabiwe mara moja kwa deni yote. Kila mwezi iko na saa yake yenyewe. Tuseme fundi mumoja anapata dola 350. Kampani iliacha kulipa Januari 2025, lakini yeye aliendelea kutumika mpaka Agosti, juu waliwaambia kama investiseri mupya anakuja. Hii inafanya miezi munane, dola 2800. Anakaa nyumbani, anangoja, anaheshimu wakubwa, hataki kuonekana mutu wa fujo. Katikati ya Aprili 2026 anaamua kwenda ku Inspection du travail. Siku ile Januari, Februari na Machi zimekwisha kufa. Mushahara ya Aprili 2025 imebakiza siku chache. Dola 1050 zimepotea bila mutu kumwibia, na yeye hajui hata siku gani zilipotea.

Tunajua wasomaji wetu watauliza: mutu atashitaki namna gani kampani ambayo ingali inamupatia kazi? Hii ni woga wa kweli, hatuicheki. Mutu mwenye watoto tano hapeleke kampani ku tribunali mwezi wa kwanza wa kuchelewa. Lakini sheria haikulazimishe kwenda tribunali juu ya kushika saa. Kuandika barua inatosha.

Barua yenye kusimamisha saa

Sheria inataja yenye kukata ule mwaka na kuuanzisha upya. Kuitisha kampani mbele ya tribunali ni moja. Ingine ni wakati wewe na kampani mulipiga hesabu kwa kuandika, wakakubali deni, kiisha hawakulipa. Ingine ni kupeleka madai yako kwa inspekteri wa kazi. Na ile ya mwepesi kuliko zote ni barua yenye kumulomba patro alipe: unaipeleka ku posta kwa njia ya «recommandé» na «accusé de réception», ao unaitia mu mukono ya kampani na wao wanakupatia karatasi yenye kuonyesha kama waliipokea, na tarehe juu yake.

Muangalie vizuri vitu ambavyo havimo mule. Kumupigia DRH simu haimo. Ujumbe wa WhatsApp haimo. Kukaa siku tatu mbele ya mulango ya kampani na matawi ya miti haimo. Ahadi ya mukubwa mu mukutano, hata mbele ya watu mia tano, haimo kama hakuna karatasi. Kupitisha malalamiko ku radio inaweza kumupatia patro haya, lakini haisimamishe saa.

Barua yenyewe haina shida. Iwe fupi. Jina lako, matrikile, kazi yako, siku uliingia. Kiisha mwezi kwa mwezi: Januari, kiasi gani, Februari, kiasi gani, na kama walilipa nusu, uandike nusu gani ilibakia. Usiandike tu «miezi yangu munane». Uandike kila mwezi na hesabu yake, na chini jumla. Utie tarehe na sinyatire. Utengeneze kopi mbili. Moja wanabakia nayo, ya pili wanaipiga kashe, wanatia tarehe na jina ya mwenye kupokea, na wewe unarudi nayo nyumbani. Ile ya pili njo yenye bei.

Sekretere anaweza kukataa kupiga kashe. Inafika mara nyingi, walimukataza. Hakuna haja ya kugombana naye, yeye vile vile anangoja mushahara yake. Muende ku posta, ao mumupe «huissier» apeleke; karatasi ya huissier inaonyesha siku na saa, na kampani haiwezi kusema haikuiona. Mukiwa wengi, barua moja ya wote inawezekana, lakini kila mutu na jina yake, miezi yake, kiasi yake na sinyatire yake. Barua yenye kusema «sisi wafanyakazi wa kampani» bila majina, tutakuwa na shida ya kujua mbele ya mwamuzi ni nani alidai nini.

Nyuma ya miezi kumi, kama bado hawajalipa, mupeleke ingine.

Karatasi zenyewe

Tuliona familia zenye kuweka kwa uangalifu picha ya baba na casque yake ya kwanza, lakini karatasi zake za mushahara mama alizifungia ndani sukari. Hatulaumu mutu, nani alijua? Lakini kila karatasi ya mushahara, hata ile ya zamani ya wakati walikuwa wanalipa, inaonyesha vitu viwili: kama ulikuwa mutu wa kazi pale, na mushahara yako ilikuwa kiasi gani. Kontra, badge, karatasi ya pointage, historia ya banki yenye kuonyesha feza iliingia kila mwezi mpaka siku iliacha kuingia, yote ni mashahidi. Muende pia ku CNSS, ile tulikuwa tunaita INSS, muulize kama kampani ilitangaza jina yenu na ililipa. Kampani yenye kukata feza ya CNSS ku mushahara bila kuifikisha inaacha shimo mu pensheni ya mutu, na hii ni deni ingine yenye kufuatwa.

Na wale wenye hawana kontra ya kuandikwa, wale wa «journalier» wenye kutumika miaka tatu kwa neno la mudomo? Sheria haiwatupe. Pahali karatasi haiko, mutumikaji anaweza kuonyesha kontra yake kwa njia zote: mashahidi, badge, picha ya liste ya ekipe, ujumbe wa shefu wa ekipe wenye kumuita kazini. Hapa WhatsApp ina faida. Haisimamishe saa, lakini inaweza kusaidia kuonyesha kama ulitumika.

Mbele ya tribunali muko mulango moja ya kupita kwanza: inspekteri wa kazi. Tribunali haipokee kesi ya kazi kama haikupita kwake. Anawaita wote wawili, anajaribu kuwasikilizanisha. Wakisikilizana, inaandikwa. Wasiposikilizana, ao kampani isipofika, anatoa «procès-verbal de non-conciliation». Ile karatasi muichunge sawa diplome, na muhesabu: kutoka pale muko na miezi 12 ya kufikisha kesi ku Tribunal du travail, ao ku Tribunal de grande instance pahali Tribunal du travail haijafunguliwa. Wengine wanapata ile procès-verbal, wanafurahi sawa vile walishinda, wanaiweka mu valizi. Miezi 12 inapita na mulango inafungwa.

Mbele ya faillite na nyuma ya faillite

Mpaka hapa tuliongea juu ya kampani yenye kukataa kulipa. Sasa tuongee juu ya ile yenye haiwezi tena. Tangu Septemba 2012 Kongo iko mu OHADA, na sheria yenye kuongoza kampani zenye kuanguka ni ile ya OHADA, yenye kutengenezwa upya tarehe 10 Septemba 2015. Inasema: kampani yenye haiwezi tena kulipa deni zake na feza yenye iko nayo ipaswa kwenda kujitangaza ku tribunali ndani ya siku 30. Zinazojitangaza ni kidogo. Nyingi zinazima tu taa na kuondoka. Lakini mwenye kudai, na mutumikaji ni mwenye kudai sawa wengine, anaweza vile vile kuomba tribunali ifungue ile kesi.

Kuna tofauti kubwa kati ya siku za mbele na siku za nyuma ya ule uamuzi, na mutu wa kazi apaswa kujua yuko upande gani.

Mbele, kila mutu anajipigania. Ukiona mashini zinatoka usiku, hauna haki ya kuzikamata wewe mwenyewe. Tunasema hii kwa nguvu, juu tunajua hasira inafika wapi: mufanyakazi mwenye kubeba batri ya kampani «juu ya mushahara yangu» anakuwa mwizi mbele ya sheria, na kampani inapata sababu ya kumufukuza. Njia ni avoka kuomba mwamuzi ruhusa ya «saisie conservatoire». Kwa hii haulazimishwe kuwa umeshinda kesi. Inatosha kuonyesha kama deni inaonekana kuwa ya kweli na kama iko hatari mali ipotee. Huissier anakuja, anaandika mashini, magari, stock ya minerai, na hakuna mwenye haki ya kuvihamisha. Lakini ndani ya mwezi mumoja mupaswa kufungua kesi yenyewe, kama haiko hivi ile saisie inaanguka.

Nyuma, tribunali ikisha kufungua «redressement judiciaire» ao «liquidation des biens», kukamata kwa kila mutu inasimama. Hakuna tena kukimbilia banki. Kunakuwa mutu mumoja mwenye kushika mali na deni zote, na anaitwa «syndic». Hili jina linachanganya watu kila mahali, basi tulieleze: syndicat ni sindika yenu, ile ya delege mwenye mulichagua. Syndic si wa kwenu, na si wa patro. Tribunali njo inamutia, na kazi yake ni kukusanya mali, kuandika deni zote na kulipa kwa mupango wa sheria. Delege wenu mwema hawezi kuchukua pahali pake, na yeye hawezi kuchukua pahali pa delege.

Tangazo linatoka mu gazeti mara mbili. Wenye kudai wenye kuishi ndani ya inchi wako na siku 60 nyuma ya tangazo la pili kwa kupeleka deni yao kwa syndic. Sisi tunasema musihesabu hizi siku 60. Muende wiki ya kwanza, na ile barua, na zile karatasi za mushahara, na procès-verbal kama iko, na mulombe accusé de réception. Syndic anaweza kukuta majina yenu mu vitabu vya kampani, lakini vitabu vya kampani yenye kuanguka tunajua namna vinakuwa. Mwenye jina yake haiko ku liste anapigana peke yake nyuma ya wengine kulipwa.

Nani analipwa kwanza?

Hapa sheria iko upande wa mutu wa kazi, na watu wengi hawaamini tukiwaambia. Code du travail inasema kama kampani ikianguka, mutumikaji anapita mbele ya wengine wenye kudai kwa mushahara ya kazi yenye alikwisha kutumika, hata mbele ya Trésor public. OHADA nayo inaongeza kitu yenye inaita «super privilège»: ile sehemu ya mushahara ambayo sheria inakataza mutu yeyote kuikamata, na ni sehemu kubwa, inapita hata mbele ya banki yenye kushika nyumba ya kampani kwa hypothèque. Syndic apaswa kuilipa ndani ya siku 10 nyuma ya uamuzi, kwa ruhusa ya «juge-commissaire». Kama kasha iko tupu, ile feza ya kwanza yenye kuingia njo ya kulipa hii.

Yenye kupita mbele yenu ni gharama za kesi yenyewe, za kuchunga mali na za kuiuzisha. Hizi hazikwepeki.

Sasa ukweli ingine, na hii hakuna avoka mwenye anapenda kuisema siku ya kwanza. Kuwa wa kwanza ku meza haina faida kama sahani iko wazi. Muangalie kampani nyingi za migodi zenye kuanguka: ekskavatere si yao, ni ya kukodisha, mwenyewe atakuja kuichukua. Camion vile vile. Minerai iliuzishwa mbele ya kutoka mu udongo. Mugodi wenyewe ni wa État, kampani ilikuwa tu na permis. Kinabakia nini? Biro, kontenere, pompe, feza yenye wateja hawajalipa bado, na ile permis kama kuko mwenye kuitaka. Kongo haina kasha yenye kulipa mushahara pahali pa kampani yenye kuanguka, sawa ile iko Ufaransa. Mali ya kampani njo yenye kulipa, na mali ya kampani ya migodi ina magurudumu. Ndiyo sababu mwezi wa kwanza wa kuchelewa ina bei kuliko mwezi wa kumi.

Kuko namna moja ambamo mutu anapata bila kuuzisha kitu: mwingine kununua kampani. Code inasema ku artikle 80 kama patro akibadilika, kwa kuuzisha ao kwa kuunganisha kampani, kontra zenye kuwa hai siku ile zinaendelea na patro mupya. Ndiyo sababu, mbele ya muuzo, mutaona watu wanakuja na karatasi ya «kuacha kazi kwa mapenzi» na feza kidogo ku mukono. Musome mara mbili. Mwenye kutia sinyatire pale anaweza kuwa anatoka mu kontra wiki mbili mbele ya patro mupya kuingia.

Wazee wa 2003

Ku Katanga hatuwezi kuongea juu ya hii bila kukumbuka Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470 000 za shaba. Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, kiisha ikaja fujo ya miaka ya 90, na mu mwanzo wa miaka ya 2000 haikufikisha tena hata tani 30 000. Mishahara ikalala, mwezi juu ya mwezi. Mwaka 2003, kwa feza ya Benki ya Dunia, zaidi ya dola milioni 40, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka mu ile wanaita «départs volontaires». Wazee walizoea kusema kazi ni baba na mama. Siku ile baba na mama walitoa bahasha na kufunga mulango.

Wengi wao walisema, na wakaendelea kusema kwa miaka, kama ile feza haikulingana na deni yao. Hatuingie leo mu hesabu ya kila mutu. Lakini muone namna ilifanyika: Gécamines haikutangazwa faillite. Hakukuwa na syndic, hakukuwa na liste ya deni yenye kupimwa mbele ya mwamuzi, mwezi kwa mwezi, mutu kwa mutu. Kulikuwa na feza yenye kupimwa, na ikagawanywa. Mwenye njaa ya miaka anachukua yenye iko ku meza. Ku Kivu, Sominki ilifungwa mwaka 1997, na huko vile vile madai ya wafanyakazi ilibakia miaka na miaka nyuma ya kampani yenyewe kupotea.

Njo maana tunarudilia ile barua ya mwezi kwa mwezi. Siku mutu anakuja na bahasha, mwenye hesabu yake yenye kupigwa kashe anaweza kuuliza: na hii ingine? Mwenye hana anaweza tu kulalamika. Na kama karatasi ya bahasha imeandikwa «pour solde de tout compte», mujue kama Code inasema ile maneno haimuzuie mutu wa kazi kudai yenye ilibakia. Lakini mutie pembeni ya sinyatire «sous réserve de mes droits», ni bure.

Wale wa sous-traitance

Leo wengi wa wasomaji wetu hawako tena watu wa kampani kubwa. Wako kwa sous-traitant. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliachia hii kazi kampani zenye Wakongomani wanashika sehemu kubwa, na ni vizuri. Lakini nyingi ziko na mukiliya mumoja tu. Mukiliya akikata kontra, kampani inaanguka ndani ya miezi mbili, na patro wake haiko hata na nyumba ya kuuzisha.

Hapa muangalie upande ingine: mara nyingi kampani kubwa ingali na fakture za huyu sous-traitant zenye hazijalipwa. Ile feza ingali mu banki ya mukubwa. Avoka anaweza kuomba saisie juu ya ile fakture, ni kusema: feza yenye mupaswa kumulipa huyu, muishike, juu yeye anapaswa kutulipa sisi. Kwa hii mupaswa kwenda mbiyo, mbele fakture haijalipwa na mbele tribunali haijafungua faillite. Na tangu barua ya kwanza, mupeleke kopi kwa kampani kubwa. Wengi wao hawapendi jina yao kutajwa mu deni ya mushahara, na tuliona mara nyingi woga wa jina unalipa mbiyo kuliko woga wa sheria.

Feza ya komite

Kila pahali kampani inaanguka, komite inazaliwa. Ni vizuri: watu mia mbili na avoka mumoja ni nguvu kuliko watu mia mbili na avoka mia mbili. Lakini wiki ya pili kunaanza kuokotwa franga: ya transport, ya fotokopi, ya «kuamsha dosye». Mulombe resi kwa kila franga. Mapatano na avoka iandikwe, na isema atachukua kiasi gani, mbele ao nyuma, na juu ya nini. Feza ya watu ipite mu mukono wa kila mutu mwenyewe ao mu banki yenye sinyatire tatu, isipite mu mufuko ya presida wa komite, hata kama ni mwalimu wa kanisa. Na procuration yenye munamupatia mutu iseme wazi: anaweza kusema kwa jina yangu, hawezi kupokea feza kwa jina yangu.

Na bajane. Baba akikufa mbele ya kulipwa, deni haikufe naye, inakuwa mali ya warithi. Lakini ile saa ya mwaka mumoja haisimame juu ya kilio. Tunajua namna inapita: wiki ya kwanza ndugu wa baba wanachukua televisheni na makaratasi, na mama anabakia na watoto. Mama anaweza kuandika ile barua kwa kampani, na kutia ndani kopi ya acte de décès na acte ya ndoa. Karatasi ya warithi kutoka tribunali inaweza kufuata nyuma. Kama valizi ya makaratasi iko kwa shemeji, alombe kopi mbele watu hawajatoka ku kilio, wakati mashahidi wangali wanakaa mu lopango na mukubwa wa familia hawezi kusema hakuiona.